Rojo moja, jiko moja, keki nne: kisa cha maandalizi ya Idd Mikindani

Kutoka kwenye beseni moja la rojo zilitoka keki nne zisizofanana. Ya kwanza iliungua chini na kupasuka juu. Ya pili ilitoka safi. Ya tatu ilibaki bapa. Ya nne ilikuwa nzito, na chini yake palikuwa na tabaka la kitope unene wa kidole. Unga ulikuwa ule ule, mayai yale yale, baking poda ya kopo lile lile, na mikono ni ile ile. Ulikuwa usiku wa kuamkia 28 Ramadhani, na muda wa kurekebisha ulikuwa mfupi.

Nyumba hiyo ya Mikindani, mkoani Mtwara, ilikuwa na watu watatu jikoni: mama mwenye nyumba, binti yake, na wifi aliyekuja kutoka Lindi kusaidia. Kila keki ilikuwa na mwenyewe: moja ya hapo nyumbani, moja ya mama mkwe, mbili za kukatwa na kugawiwa majirani kwenye sahani pamoja na biskuti za korosho zilizokuwa zimeokwa wiki moja kabla. Oveni haikuwepo. Palikuwa na jiko moja la mkaa, sufuria kubwa ya kutia mchanga yenye mfuniko bapa, na sufuria ndogo ya keki yenye upana wa sentimita 20 hivi. Hiyo sufuria ndogo ilikuwa moja tu. Ikumbukwe, maana imehusika katika kisa hiki kuliko unga.

Kazi ilianza baada ya tarawehe, kama zilivyo kazi nyingi za kuelekea Idd. Vipimo vilikuwa vile vya robo kwa robo vinavyojulikana pwani nzima: kwa kila keki, unga wa ngano robo kilo, sukari robo, siagi ya kopo robo, mayai matano. Vikazidishwa kwa nne, kukawa na kilo moja ya kila kimoja na mayai 20, baking poda vijiko sita vya chai, iliki ya kusaga na vanila. Mama akaamua rojo lote lichanganywe kwa pamoja. "Bora mkono uchoke mara moja kuliko kuchoka mara nne," alimwambia binti. Aliyewahi kuchapa siagi na sukari kwa mwiko hawezi kumcheka: robo moja ya siagi hutaka dakika 10 hadi 15 za kuchapa bila kupumzika, mpaka ibadilike kutoka njano na kuwa karibu nyeupe.

Saa 3:30 usiku rojo lilikuwa tayari. Keki ya kwanza iliingia motoni saa 3:40 na kutolewa saa 4:20, kwa sababu ilianza kunuka kuungua. Ya pili iliingia saa 4:30, makaa yakiwa yamepunguzwa, ikatoka saa 5:25. Ya tatu iliingia saa 5:40 baada ya makaa kuongezwa, ikatoka saa 6:40. Ya nne iliingia saa 7:00 kamili na kutolewa saa 8:10, watu wakiwa wanasinzia na daku inakaribia. Binti alipoikata alisema, "Mama, hii mbona kama ugali?"

Lawama zikaenda pale zinapokwenda siku zote. "Wifi, unga huu umenunua duka gani?" Baada ya unga ikashukiwa baking poda kwamba imekwisha nguvu. Baada ya hapo akatajwa jirani aliyepita jioni akasifia harufu ya iliki. Huyo tumwache apumzike. Mwenye duka naye alitukanwa bure.

Ushahidi wa kumwachia huru ni keki ya pili. Unga ungekuwa mbovu, au baking poda ingekuwa imekufa, keki ya pili nayo isingepanda, maana zote nne ni za beseni moja. Na hata bila keki hiyo, baking poda hupimwa kwa nusu dakika: tia kijiko kimoja cha chai ndani ya nusu kikombe cha maji ya moto. Ikitoa povu jingi papo hapo, ni nzima. Ikitoa viputo vichache na kutulia, itupwe. Kopo la nyumba hii lilipopimwa baadaye lilitoa povu mpaka ukingoni.

Basi kilichobadilika kati ya keki na keki ni vitu viwili tu: moto, na muda ambao rojo lilikaa likingoja. Keki ya kwanza iliharibiwa na moto. Ya tatu na ya nne ziliharibiwa na kungoja.

Moto wa keki ya kwanza

Makosa ya moto yalikuwa matatu chini ya sufuria, na moja juu yake. Jiko lilikuwa limejaa makaa yaliyokolea, yamelundikana katikati. Mchanga ulikuwa mchache, haufiki hata unene wa kidole. Na sufuria ya keki ilikalishwa juu ya mchanga moja kwa moja. Joto likapanda pale katikati, likachoma kitako kabla tumbo la keki halijaiva. Juu nako makaa yalikuwa mengi, ganda likakauka mapema. Ndani bado kulikuwa kunapanda, na kwa kuwa kumefungwa, kukatafuta njia kwa kupasua. Mpasuko wenyewe si kasoro kubwa, hata keki nzuri za robo kwa robo hupasuka kidogo. Ila kitako cheusi na mpasuko vikija pamoja, moto umezidi pande zote mbili.

Mpangilio unaofaa ni huu. Mchanga uwe wa kina cha sentimita tatu hadi nne, mkavu, uliochekechwa. Mikindani ni rahisi kuteremka ufukweni na ndoo, lakini mchanga wa bahari una chumvi: unavuta unyevu na kula sufuria ya aluminiamu. Ukiutumia, uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa na uanikwe mpaka ukauke kabisa. Juu ya mchanga viwekwe vijiwe vitatu vidogo au pete ya bati, ndipo sufuria ya keki ikae juu yake na hewa ya moto ipite chini. Makaa ya chini yawe theluthi moja tu ya moto wote, nayo yapangwe pembeni kwa duara. Theluthi mbili zikae juu ya mfuniko, zimetandazwa safu moja. Joto la chini hupanda lenyewe. La juu halishuki kwa urahisi, ndiyo maana tunapalia, yaani tunaweka makaa juu ya mfuniko.

Sufuria kubwa ipashwe moto dakika 15 hadi 20 kabla rojo halijaingia. Kipimo cha joto ni karatasi nyeupe: iweke ndani, funika, subiri dakika tano. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ingiza keki. Ikitoka kahawia iliyoiva au nyeusi, punguza makaa ya chini kwanza. Ikitoka nyeupe, subiri. Mama wa nyumba hii hakupima kwa chochote kwenye keki ya kwanza. Kwenye ya pili alipunguza makaa kwa woga tu, na woga ukafanya kazi ya karatasi.

Kufunua mapema nako kuna hasara yake. Kabla ya dakika 30, katikati ya keki bado ni laini na kunashikiliwa na hewa. Ukinyanyua mfuniko wenye makaa, joto hutoka lote na keki hukaa chini. Tena majivu huanguka ndani. Njiti ya kupima isubiri dakika 40.

Rojo lililongoja

Keki ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu moto wake ulikuwa sawa na wa keki ya pili. Ilipanda kidogo mno, uso wake bapa, ndani matundu madogo yaliyobanana. Rojo lake lilikuwa limengoja saa mbili na dakika kumi. La keki ya nne lilingoja saa tatu na nusu.

Baking poda huanza kazi mara inapokutana na umajimaji. Zilizo nyingi madukani hufanya kazi mara mbili: sehemu hutoa hewa rojo linapochanganywa, na sehemu husubiri joto la moto. Ile sehemu ya kwanza ikishatoka haina kurudi, na jikoni kwenye joto la nyuzi 30 hutoka haraka. Hata ile ya pili hupungua rojo likikaa na maji yake kwa saa kadhaa. Kila mara binti alipochota rojo la keki nyingine alilikoroga tena kwa mwiko "lisigande", na kila mkorogo ulitoa viputo vilivyobaki na kuufanya unga wa ngano uvutike, ndipo keki ikawa ngumu.

Kitope cha chini ya keki ya nne kina sababu nyingine. Siagi ikichapwa vizuri hushika viputo vya hewa, lakini hiyo ni kazi ya siagi laini, siyo siagi iliyoyeyuka. Rojo lilipokaa karibu na jiko, siagi ililegea na kuwa mafuta, mayai yakajitenga, vitu vizito vikashuka. Kilichochotwa mwisho kutoka chini ya beseni hakikuwa na mchanganyiko sawa na kilichochotwa mwanzo. Moto nao ulikuwa umefifia kufikia saa 7, hilo halikatai mtu, na ndiyo maana ya nne ni mbaya kuliko ya tatu. Lakini hata kwa moto mzuri isingepanda.

Keki ya pili yenyewe ilingoja saa nzima, na ukiitazama kwa haki ilikuwa fupi kuliko inavyostahili. Rojo la baking poda lisikae zaidi ya dakika 20 hadi 30 kabla ya kuingia motoni. Kwa hiyo sufuria moja ndogo ndiyo inayoamua kiasi cha rojo. Ikiwa jiko linatoa keki moja kwa saa, rojo la keki nne halina pa kwenda.

Kazi ya mkono inaweza kufanywa kwa pamoja bila hasara hiyo. Siagi na sukari za keki zote nne zichapwe mara moja, kisha zigawanywe kwenye bakuli nne, gramu 500 kila moja, nazo zikae ndani ya beseni la maji baridi mbali na jiko. Siagi ikianza kung'aa kama mafuta imepata joto kupita kiasi. Maji baridi kwa dakika chache huirudisha. Unga uchekechwe pamoja na baking poda, ukiwa mkavu, ufungwe mafungu manne. Keki iliyo motoni ikibakiza dakika 15, chukua bakuli moja, ichape tena dakika moja, tia mayai moja moja ukichapa, kisha mimina unga na uchanganye kwa kuuzungusha mwiko taratibu mpaka weupe upotee. Hapo acha. Rojo linaingia motoni likiwa na umri wa dakika chache, na mkono umechoka mara moja tu.

Mayai

Jambo moja halikuharibu keki peke yake ila lilisaidia. Kati ya mayai 20, kumi yalikuwa ya kienyeji. Yai la kisasa bila ganda lina karibu gramu 50. La kienyeji mara nyingi ni gramu 35 au chini ya hapo. Kwa mayai kumi upungufu unafika gramu 150, yaani mayai matatu ya kisasa. Kwenye mapishi ya robo kwa robo, yai ndilo linaloshikilia keki isimame. Ukichanganya aina mbili, acha kuhesabu mayai, yapime kwa kikombe: mayai matano ya kisasa hujaza kikombe cha robo lita.

Usiku wa pili: dawa iliyozidi

Kwa kuwa hukumu ilishatolewa dhidi ya baking poda, usiku wa kuamkia 29 zikatengenezwa keki mbili nyingine kwa jumla ya nusu kilo ya unga, safari hii kwa vijiko sita, tena vya kufurika. Mara hii rojo halikungoja sana na moto ulikuwa mzuri. Keki zilipanda haraka, zikamwagika ukingoni, kisha zikabonyea katikati. Ndani matundu makubwa, na mdomoni ladha ya sabuni.

Hiyo ndiyo tofauti ya kuzisoma. Keki isiyopanda kabisa, yenye matundu madogo yaliyobanana, imepoteza hewa kabla ya moto. Iliyopanda ikaanguka, yenye matundu makubwa na uchungu, imetiwa baking poda nyingi. Ikianguka katikati lakini ladha ni safi na njiti inatoka na rojo, haikuiva au ilifunuliwa mapema. Kwa unga wa robo kilo unaochapwa na siagi na mayai matano, kijiko kimoja hadi kimoja na nusu cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, kinatosha. Vijiko sita vya usiku wa kwanza kwa kilo nzima vilikuwa sahihi kabisa.

Biskuti za korosho

Biskuti zilikuwa zimesahaulika kwenye kopo tangu 22 Ramadhani. Zilipofunguliwa zilikuwa laini kama mkate, na baadhi zilikuwa na uchungu unaobaki kooni. Ni makosa mawili yasiyohusiana.

Ulaini ulitokana na mvuke. Biskuti zilifungwa zikiwa vuguvugu, mvuke ukakosa pa kutokea ukarudi ndani. Idd ya miaka hii imeangukia Machi, mvua za kusini zikiwa bado zinanyesha, na hewa ya kando ya bahari imejaa maji; biskuti iliyoachwa wazi usiku kucha nayo hulainika. Kwa hiyo zipoe kabisa, saa moja au zaidi, zikiwa zimetandazwa chini ya kawa. Kawa la ukili linazuia nzi na kupitisha mvuke, kazi ambayo bakuli la plastiki lililofunikwa juu ya sahani haliwezi. Zikishapoa zifungwe kwenye kopo lisilopitisha hewa. Zilizolainika hurudi: dakika tano hadi saba kwenye moto mdogo wa kupalia, kisha zipoe upya.

Uchungu haurudi nyuma. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na mafuta hayo huharibika yakikaa kwenye joto. Hizi zilikuwa vipande vya bei nafuu vilivyonunuliwa msimu wa mavuno, mwishoni mwa mwaka, vikakaa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati miezi kadhaa. Na kwa nini hakuna aliyegundua? Kwa sababu biskuti ziliokwa mchana, watu wamefunga, hakuna aliyeonja. Mpishi aliyefunga anabaki na pua: sugua vipande viwili kati ya vidole na unuse. Korosho nzima hunuka tamu, kama maziwa. Iliyoharibika hunuka rangi ya kupakia ukuta. Kama korosho zimebanguliwa nyumbani, tupa pia zilizopata madoa meusi, maana mafuta ya ganda huwasha midomo.

Kipimo chao cha biskuti hakikuwa na kasoro: unga nusu kilo, siagi robo kilo, sukari ya kusaga gramu 200, yai moja, baking poda kijiko kimoja cha chai, chumvi robo kijiko, korosho gramu 200 zilizokaangwa kidogo na kukatwakatwa. Donge lipumzike dakika 30 mahali pa baridi, likatwe unene wa nusu sentimita, lipikwe dakika 12 hadi 15. Likiwa na siagi iliyoyeyuka, biskuti hutandaa na kuungana.

Ratiba, na zilizoharibika

Kinachosumbua Idd ni mwezi. Huangaliwa jioni ya 29, na mpaka BAKWATA, baraza kuu la Waislamu Tanzania, itangaze hakuna anayejua kama kesho ni sikukuu au ni funga ya 30. Biskuti hazina shida, hukaa wiki mbili kwenye kopo zuri. Keki ya siagi isiyo na tui wala matunda hukaa siku tatu katika hali ya hewa ya Mtwara, na siku ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza. Basi usiku wa kuamkia 29 unafaa: mwezi ukionekana keki ina siku moja, usipoonekana ina mbili. Keki nne kwa jiko moja ni saa nne za moto, pamoja na makaa ya akiba yanayokolezwa pembeni, kwa sababu makaa ya juu ya mfuniko hufifia baada ya dakika 25 hivi. Wawili kati ya watatu walipaswa kulala. Kazi ya mtu mmoja baada ya kuchapa ni kulisha jiko na kutazama saa.

Keki ya kwanza ilikwanguliwa kitako kwa kikwangulio, si kwa kisu, ikabaki nzuri ya kukata vipande. Ya tatu na ya nne, baada ya kuondolewa kitope, zilikatwa vipande vya unene wa kidole na kukaushwa kwa makaa machache juu na chini kwa dakika 20, zikigeuzwa mara moja. Zikawa keki kavu za kuchovya kwenye chai, na hizo hukaa wiki nzima. Zile mbili za ladha ya sabuni zilipewa kuku. Ya mama mkwe ikawa ile ya pili.